“Ndiyo” Niliyomjibu Bwana Lucien

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimesimama ndani ya kichwa cha treni huko Ufaransa, mkono wangu umeshika liva ndogo ya shaba, nikamjibu mzee mmoja kwa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Hata leo, na mvi hizi zote, niko tayari kuapa kwamba lilikuwa la kweli. Lakini lilimpotosha, na lilikaribia kumwondoa kwenye kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Mwanangu, najua unataka kuniuliza nilifikaje huko. Utaniuliza pia treni ya stima, yaani ya umeme, ni kitu gani, kwa sababu reli yetu ya hapa Kisumu haijawahi kuwa na waya juu. Tulia, nitafika. Habari hii nilikuwa nimeiweka kando miaka mingi, mpaka juzi mjukuu wangu Apiyo, anayesomea ufundi wa stima, alipokuja kunisalimia hapa kwangu Dunga na kunisukumia simu yake usoni.

“Babu, cheki hii. Si ndio ile treni ulikuwa unatuambia?”

Nilivaa miwani. Ilikuwa picha ya kichwa cha treni kimeegeshwa kwenye majani marefu, rangi yake ya kijivu na chungwa imepauka, dirisha moja limevunjwa. Maelezo yalisema kwamba vyote vya aina hiyo vinaondolewa kazini na kukatwakatwa. Nilikitambua papo hapo, na nilisikia uchungu ambao sikuutarajia kwa sababu ya chuma tu.

“Ndicho chenyewe,” nikamwambia. “Nilikuwa ndani ya kimoja kama hicho siku kilipopiga mshindo.”

Basi nikamsimulia yeye, na sasa nakusimulia wewe.

Baba yangu mdogo, Ogola, alikuwa msimamizi katika karakana ya reli. Nafasi moja ya mafunzo ilipotokea, ya miezi minane ng'ambo, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa akasema kijana wa kaka yake anafaa. Nilipelekwa Nairobi miezi mitatu kufundishwa Kifaransa cha kuombea maji na kuulizia njia, halafu nikapanda ndege. Maneno aliyoniambia Baba mdogo wakati wa kuagana yalikuwa machache. Alisema, “Jina ulilobeba ni langu pia.”

Niliwekwa kwenye bohari ya vichwa vya treni katika mji mdogo wa mashariki ya nchi ile, na hapo ndipo nilipopagawa. Unajua wazungu wale walianza kuweka stima kwenye reli zao zamani, wakatumia mkondo mnyoofu, volti elfu moja na mia tano. Baadaye wakagundua kwamba mkondo geu wa volti elfu ishirini na tano unasafiri mbali kwa nyaya nyembamba, basi reli mpya wakazijenga kwa mtindo huo. Za zamani hawakuzing'oa. Kwa hiyo nchi moja ikawa na stima za aina mbili, na treni inayotoka upande huu ikifika mpakani haiwezi kula chakula cha upande ule. Zamani walikuwa wanabadilisha kichwa hapo njiani, abiria wamekaa wanasubiri. Ndipo wakatengeneza aina hii ya vichwa vinavyokula vyote viwili.

Nilikuwa silali vizuri kwa kuwaza. Kinajuaje kiko chini ya waya gani? Tumbo lake lina nini hata volti elfu ishirini na tano ziingie na zisilichome? Juu ya paa kilikuwa na mikono miwili ya chuma inayoinuka kugusa waya, mmoja mpana na mmoja mwembamba, kila mmoja na waya wake. Ubavuni kiliandikwa herufi BB, zinazohusu jinsi magurudumu yake yalivyopangwa. Mimi nilizisoma “bibi”. Nikaandika barua nyumbani kwamba nimepewa bibi Mfaransa na ni mzito sana, na mama yangu, asiyependa mzaha, akaenda kwa mchungaji kuombewa.

Dereva niliyepangiwa aliitwa Bwana Lucien. Alikuwa mzee mwembamba, kimya, alikuwa akimenya tofaa kwa kisu kidogo cha mfukoni bila ganda kukatika, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Wenzake waliniambia nisimsumbue. Nilimsumbua. Nilimuuliza maswali hamsini kwa siku, kwa Kifaransa changu cha kuchechemea, na siku ya nne nilipokaa kimya kwa sababu ya mafua, yeye mwenyewe akaniuliza, “Leo huna swali hata moja?” Tangu hapo tukawa marafiki.

Alinifundisha kuvuka mpaka. Kati ya stima moja na nyingine kuna kipande cha waya kisicho na kitu, wamekiua makusudi. Kabla ya kukifikia, dereva anakata stima, anashusha mkono wa juu ya paa, na treni inateleza kwa mwendo wake yenyewe. Ikishavuka anageuza swichi kwenye mkondo mpya na kuinua mkono wa pili. Katikati pale mashine inanyamaza, unasikia magurudumu tu na pumzi yako. Nilipapenda mahali pale kuliko popote Ufaransa. Baada ya wiki kadhaa Bwana Lucien akaanza kuniachia liva ya kushusha mkono, ingawa sheria haikumruhusu, kwa sababu aliona jinsi nilivyokuwa ninaitazama.

Siku hiyo tulikuwa tunavuta mabehewa matupu. Mvua ilikuwa nzito, wiper ya kufuta kioo upande wake imegoma, naye ametoa kichwa dirishani kuangalia taa ya ishara. Alikuwa amekata stima, nami nimeshika liva kama alivyonifundisha, nangoja aseme “shusha”. Kila siku alikuwa akisema. Siku hiyo hakusema. Bila kugeuka, akauliza kwa Kifaransa, “Hujashusha mkono?”

Nikajibu, “Oui.” Yaani ndiyo.

Mwanangu, wewe umenielewa. Kwetu mtu akikuuliza “Hujala?” nawe kweli hujala, unamjibu “ndiyo”, kwa maana kwamba ulivyosema ndivyo ilivyo. Mama yangu akiuliza kwa Dholuo “Pok ichiemo?”, yaani hujala, ukamjibu “Ee”, sahani inakuja. Nilimwambia Bwana Lucien kweli tupu: ndiyo, sijashusha, nangoja neno lako. Lakini Mfaransa hajibu hivyo. Kwake yeye “oui” ilimaanisha tayari, mkono uko chini. Akasema, “Vizuri,” nami nikadhani anasema vizuri, endelea kungoja.

Tukaingia kwenye waya wa volti elfu ishirini na tano mkono ukiwa juu, swichi ikiwa bado kwenye elfu moja na mia tano.

Mshindo ule sijausikia tena maishani. Mwanga wa samawati ulijaa chumba kizima, kukatokea harufu ya kitu kilichoungua, kisha kimya. Vifaa vya kinga viliokoa tumbo la mashine, na tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini paa liliungua, waya ukaharibika, na treni za upande ule zikasimama mpaka jioni. Tulikokotwa kurudi na kichwa cha dizeli, kikuukuu, kama hivi vyetu vya hapa. Bwana Lucien hakunigombeza. Alinitazama tu mara moja, akaniuliza kama nimeumia.

Wiki iliyofuata mkaguzi akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, ana karatasi mbele yake. Aliniambia anajua Kifaransa changu ni kidogo, kwa hiyo nijibu kwa neno moja tu, oui au non, yeye ataandika. Akaniuliza habari za mvua, za wiper, za liva. Halafu akauliza, “Dereva hakukuuliza kama umeshusha mkono?”

Nikajibu, “Non.”

Nilimaanisha hapana, si kweli, aliniuliza. Nilitaka kumtetea, na nilitamka kwa nguvu kabisa. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika kwamba dereva hakuuliza.

Matokeo yalibandikwa ubaoni. Mimi sikuwa na kosa, nilijibu kwa uaminifu. Bwana Lucien ameondolewa reli kuu, na muda aliobakiza atautumia kusukuma mabehewa uani kwa kichwa kidogo, kwanza kwa kutouliza, na pili kwa kudai kwamba aliuliza. Yaani waliandika kwamba ni mwongo. Nilikaa mbele ya ubao ule na kamusi yangu, nikadhani nimekosea kusoma. Nilidhani labda kuna jambo jingine alilosema. Nilipokutana naye kwenye kona ya bohari nikamsalimu, alipita kana kwamba mimi ni nguzo. Liliniuma sana, tena nikamkasirikia, kwa sababu niliona nimempigania na hana shukrani.

Aliyenifungua macho ni Mama Odette, mpishi wa mkahawa wa wafanyakazi, na jibini yake.

Jibini ile, mwanangu. Ina ukungu wa buluu ndani na inanuka kuliko omena, dagaa wa ziwani, iliyonyeshewa siku tatu. Kila mchana Mama Odette alinijia na sinia akiuliza, “Hutaki jibini?” Kila mchana nilijibu kwa adabu, “Oui,” ndiyo, sitaki. Kila mchana alinikatia kipande. Nilikuwa nimekula jibini ile tangu nifike, macho yananitoka machozi, nikiamini kwamba wanawake wa nchi ile hawakubali mgeni akatae chakula, kama mama zetu tu. Jumanne moja sikuwa na moyo. Nilisukuma sahani nikamwambia, “Mama, kila siku nasema sitaki, na kila siku unanipa.”

Alisimama na kisu hewani. “Wewe kila siku unasema ndiyo.”

“Ndiyo, sitaki.”

Alikaa chini. Alikuwa mama mwenye subira. Akanieleza kwamba kwao ukiulizwa “hutaki?” na hutaki, unajibu “non”. Na ukiwa unataka, hata “oui” haitoshi, wana neno la tatu kabisa, la kumpinga aliyekuuliza kwa kukana. Neno hilo ni “si”.

“Si?” nikamuuliza. “Kwetu si ni kukataa.”

“Kwetu ni kukubali kwa nguvu.”

Tulicheka sote wawili, nikamfundisha kusema “si mimi”, naye akapenda. Nilikuwa bado ninacheka niliponyanyua glasi ya maji, na nikasikia sauti ya mkaguzi kichwani: hakukuuliza? Glasi nikairudisha mezani. Mama Odette aliniuliza kama ni jibini imenidhuru.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu mpaka hapa sikuwa na kosa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa mtoto wa lugha yake. Lakini nilitoka mkahawani nikijua. Nilijua kwamba mzee yule alisema kweli na mimi ndiye niliyemfanya mwongo. Na sikwenda kwake. Nilienda chumbani kwangu nikafunga mlango.

Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho yake nikajiambia kwamba cheti kinatolewa baada ya wiki tatu, na nikisema sasa wataona mtu asiyejua lugha hafai kushika liva. Nilimfikiria Baba mdogo na jina lake. Nikajiambia pia, na hili ndilo la aibu, kwamba mzee amebakiza miezi michache tu, uani kuna kivuli, huenda hata amefurahi kupumzika. Siku ya tatu nilipita uani nikamwona. Alikuwa anasukuma mabehewa ya changarawe, mita mia mbele, mita mia nyuma, huku vijana wa umri wangu wakimwamuru kwa vibendera. Hakuwa anamenya tofaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, haina kazi. Nililia, sitaficha.

Nilipanda ngazi ya kichwa chake bila kukaribishwa nikaanza kueleza. Nilieleza habari ya “Hujala?”, ya mama yangu, ya jibini. Nilichanganya Kifaransa na Kiingereza na Kiswahili, na pengine na Dholuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake ukilegea, karibu acheke nilipofika kwenye jibini. Nikapata matumaini.

“Umelijua lini jambo hili?” akauliza.

“Jumanne.”

“Leo ni Ijumaa.”

“Najua.”

Uso wake ukakunjika tena. Alisema polepole ili nisikose hata neno moja. “Oui yako sikulaumu. Non yako sikulaumu. Mimi mwenyewe nilipaswa kugeuka nikutazame. Jumatano, Alhamisi na leo asubuhi, hizo nakulaumu.”

Nimegombezwa na watu wengi, mwanangu, na wengine walikuwa na sauti kubwa sana. Hakuna maneno yaliyowahi kunishika kama hayo.

Tulikwenda kwa mkaguzi pamoja. Ilichukua saa nzima na mtu wa kutafsiri. Mkaguzi alinijaribu, akaniuliza ghafla, “Hukunywa kahawa leo?” nikajibu “oui” kabla ya kufikiri, na kweli sikuwa nimekunywa. Akaweka kalamu chini. Ripoti ikaandikwa upya. Bwana Lucien alibaki na onyo kwa kuniachia liva, na hilo alilikubali, lakini neno “mwongo” likafutwa, na wiki hiyo hiyo akarudishwa reli kuu. Mimi wakaniambia kwa upole mwingi kwamba mafunzo yangu yamefika mwisho. Nilirudi wiki tatu kabla ya wakati, bila cheti.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kituoni akiwa na nguo za kazi. Akaniuliza, “Hujutii kusema?”

“Oui” ilinijia ulimini, nikaimeza. Nikatafuta maneno moja moja. “Siku tatu za kunyamaza ninazijutia. Kusema sijutii.”

Akanishika bega kwa nguvu, akaenda kupanda kichwa chake. Hatukuonana tena.

Hapa nyumbani haikuwa rahisi. Baba mdogo alinipokea akasema, “Umerudi mapema,” na ilimchukua mwaka mzima kuniuliza kwa nini. Nilipomweleza, alisema jina lake liko salama. Lakini wenzangu walinipita vyeo. Maisha yangu yote niliyamaliza kwenye dizeli, mafuta mpaka viwikoni, na mashine ile ya stima mbili sikuigusa tena. Mpaka leo kuna maswali juu ya tumbo lake sikupata kuyauliza. Apiyo ananiambia yote yako kwenye simu. Namwambia anitafutie, tunasoma pamoja, na ninafurahi kama mtoto.

Nawe, mwanangu, usidhani jambo hili liko Ufaransa peke yake. Wajukuu wangu wanaoishi mtaa wa Milimani, waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, ukiwauliza “Hamjanawa?” wanajibu “hapana”, na nyanya yao anadhani wamenawa, anawapakulia. Nyumba moja, meza moja, na kila mtu ana mkondo wake. Tunacheka. Lakini kesho watoto hao watakuwa hospitalini na dawa mkononi, au juu ya nguzo ya stima, na mwenzao wa chini atawauliza, “Hujazima?”

Kwa hiyo ninakuusia hivi. Ukiulizwa jambo lenye uzito, usijibu ndiyo wala hapana. Sema jambo lenyewe zima: nimeshusha, sijashusha, nimezima, sijazima. Na aliyekujibu kwa neno moja mwombe aongeze la pili, hata akikuona mjinga. Ulizauliza tu, swali halijawahi kuchoma paa la mtu. Hayo ni ya ulimi, na ulimi unafundishika.

La pili ni la moyo, na ndilo lililonigharimu. Siku utakapogundua kwamba neno lako limemwangusha mtu, hata kama ulilisema kwa nia safi, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje cheti, usingoje jina la ukoo lipite salama. Kutoelewana kunasameheka mpaka saa ile unapokujua. Kuanzia hapo, kila saa unayokaa kimya ni yako, na hakuna lugha utakayoisingizia.

Nyasaye, Mungu wetu, akuweke, mwanangu, popote kazi itakapokupeleka. Akupe macho yasiyochoka kushangaa, akupe watu wa kukuvumilia ukichechemea katika lugha yao. Na ikitokea umemkosea mtu, akupe miguu ya kufika mlangoni kwake kabla jua halijazama.